Kitu Ukikitaka, Kipe Mgongo

Mie watu wanaosema wanapenda vitu vya kale siwataki hata kuwaona. Nimefanya nao kazi miaka mingi, nawajua ndani nje. Wanachopenda ni kitu cha mwenzao, tena wakipate kwa bei ya kutupa. Na kabla hujaniuliza, nakujibu: ndiyo, na mie nilikuwa mmoja wao, tena hodari. Sisingiziwi.

Nilianza kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya tisini, mume wangu alipofariki akaniacha Ibra, huku kwa Waarabu, na nyumba haijapigwa lipu. Ibra kila Jumatano pana soko la wanawake watupu. Mwanamume haingii, awe nani. Wanawake hushuka kutoka vijijini na vitambaa vyao, ubani na mafuta ya nywele, na ndani ya mafundo ya leso hutoka fedha za mama zao: vikuku, mikufu, hirizi za kuvaa shingoni. Desturi ya huku, fedha ya mwanamke ni mali yake mwenyewe, na akifa hapana anayetaka kuivaa. Bibi harusi hutaka kipya, na siku hizo walikuwa wameshaanza kutaka dhahabu ya Dubai. Basi ya marehemu huuzwa kwa uzito, ikayeyushwe. Hapo ndipo nilipopata riziki yangu.

Tajiri wangu alikuwa na duka Nizwa, karibu na ngome. Sokoni Jumatano hawezi kuingia, wala hawezi kuingia upande wa wanawake nyumbani kwa mtu. Akihitaji macho ya kike na mdomo wa kike. Yeye hukaa garini ng'ambo ya barabara, kiyoyozi kinamvumia, mie naungua na jua na mizani yangu mkobani. Nikirudi hana salamu wala pole. "Umeleta nini, ukhti?" Basi.

Lakini kazi alinifunza, siwezi kumnyima hilo. Kile unachokitaka kishike mwisho, baada ya kushikashika visivyo na maana. Ukishakishika kitie ila, ila juu ya ila: fedha ina bati, mti umeliwa na mchwa, kifuniko si chake. Halafu kuna lile alilolipenda kupita yote, akilisema kidole juu kama khatibu wa Ijumaa: kitu ukikitaka, kipe mgongo. Ondoka. Usirudi mpaka mwenyewe akuite. Mtu akishaambiwa kitu chake hakina thamani, kila akipita hukiona kinamzibia njia, na mwishowe hukubembeleza umwondolee.

Nami nikawa fundi. Neno langu la vitu vya mbao lilikuwa moja tu: kuni. Milango, madirisha, masanduku, vyote kuni. Kule Sur, upande wa Aija, palikuwa na nyumba ya tajiri wa zamani, mlango wake umechongwa mpaka unaona haya kuugusa. Wenyewe wanawake wawili, ndugu, wazee. Nikakaa nao, nikanywa kahawa yao, nikala tende zao, nikageuka mlangoni nikasema, "Huu, mama zangu? Huu kuni." Wiki sita baadaye walipiga simu wao. Lori likaenda. Wallahi nilijiona nna akili.

Mara moja tu nilikamatwa. Bibi mmoja wa kijiji cha juu ya Ibra, mkavu, macho yameingia utando, alinitolea hirizi ya fedha ya marehemu dada yake, kazi ya sonara ambaye mifupa yake imeshaoza. Nikaanza wimbo wangu: kifuniko kimelegea, mkufu si wake, fedha hafifu. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema taratibu, kwa Kiarabu cha kwao, "Mwanangu, kama kibovu hivyo, mbona macho yako hayakiachi?" Lo! Niliona haya, lakini haya ya nusu saa. Nikamlipa kwa uzito nikaenda zangu. Nilichojifunza siku ile si kuacha uwongo. Nilijifunza kuyatia adabu macho.

Hirizi ile tajiri wangu aliitundika dukani, akamwambia Mzungu mmoja ati ilikuwa ya binti wa imamu aliyetawala zamani. Mie nimesimama pale pale. Mzungu alipotoka na kifurushi chake nikamuuliza, "Binti wa imamu gani?"

"Yeyote," akasema, anahesabu noti. "Wewe chako umepata, ukhti. Imamu anakuwasha nini?"

Nilimchukia siku ile, nikaendelea kumchukia, na kila Jumatano nilikwenda kumfanyia kazi.

Sasa nije kwa mama. Mama yangu alikuwa na sanduku. Sanduku la msaji, la Unguja, limepigwa misumari ya shaba mbele na kifunikoni, limesimama juu ya miguu minne, na chini droo tatu. Ndani, upande wa kushoto, mna kijisanduku chenye kifuniko chake, humo mama akiweka udi na liwa. Ukilifungua, harufu hukupiga usoni kabla hujaona kitu. Alipewa na mama yake siku ya harusi.

Tulipotoka Unguja mwanzoni mwa miaka ya sabini mie nilikuwa na miaka kumi, kaka yangu kumi na mitatu, baba keshakufa. Bandarini mama akaambiwa mzigo mkubwa ni mmoja tu, achague. Alikuwa na cherahani ya mguu, na alikuwa na sanduku. Akachagua sanduku. Tukafika Mudhaibi kwa jamaa zake baba, na watu walikuwa wakarimu, lakini ukarimu wa mwaka wa kwanza si wa mwaka wa tatu. Mama yangu kazi yake ilikuwa kushona, na cherahani imebaki bandarini. Akawa anashona kwa mkono, macho yanamtoka machozi, kanzu mbili tatu kwa juma. Kaka yangu akaacha skuli akaenda kubeba saruji.

Hakulisamehe sanduku lile. Akipita hulipiga teke. Njaa ikituuma husema, "Mama katuletea shaba. Haya, tuleni shaba." Na mama, bila ya kuinua uso kwenye sindano, humjibu, "Cherahani hununuliwa. Hili alinipa mama yangu."

Kila Idi akitukalisha sote wawili na ndimu zilizokatwa na sahani ya majivu, tusugue msumari mmoja mmoja mpaka uone uso wako, mie upande wa kulia, kaka upande wa kushoto. Vidole vikituwasha juma zima. Kaka akinung'unika toka wa kwanza mpaka wa mwisho, na siku zote upande wake uling'ara kuliko wangu. Ndivyo alivyo. Anachokichukia hukifanya vizuri.

Na mie na yeye ndivyo tulivyokua: mmoja akijua mwenziwe anakitaka kitu, basi kimekoseka. Iwe kipande cha halua kilichobaki kwenye sahani, iwe mahali pa kulala karibu na dirisha. Na mie nikimfanyia vile vile, sijitii utakatifu. Kwa hivyo tulipokuwa watu wazima, yeye ana maduka mawili ya vifaa vya ujenzi Mudhaibi, mie mjane wa mizani mkobani, mazungumzo yetu yalikuwa mafupi. Kazi yangu akiiita kuchakura wafu. "Leo umemchakura nani?" Hiyo ndiyo salamu yake.

Mama alifia nyumbani kwa kaka. Sanduku likatolewa chumbani mwa marehemu likatiwa stoo ya nyuma, baina ya mifuko ya saruji, na juu yake wakaweka gunia la chakula cha mbuzi. Mie nililiona siku ya matanga, nikanyamaza. Lakini tangu siku ile sikuwa na usingizi wa raha. Nililitaka. Nakuapia Mungu mmoja sikutaka kuliuza. Nilitaka kuliweka chumbani kwangu, nitie ndani yake kanga za mama, nikilifungua nimsikie. Hilo tu. Na sheria ilinipa fungu langu, lakini nani aende kwa kadhi kugombea sanduku na kaka yake?

Ningelimwambia nalitaka angelinipa? Nilijiuliza nikajijibu mwenyewe: thubutu! Nikaenda, mjinga mie, kumshauri tajiri wangu. Akacheka. "Nduguyo ni mwenye kitu kama wenye vitu wengine. Si nimekufunza? Kipe mgongo."

Miezi michache baada ya mama kufariki, kaka akanipigia simu. Hakusema sababu. "Njoo siku moja, kuna jambo." Nikajua: huyu kasikia masanduku ya Unguja yana soko, anataka bei. Nikajipanga barabara, toka Ibra mpaka Mudhaibi nilikuwa nakariri ila.

Alinipokea wifi yangu, mkewe kaka, mzaliwa wa Tabora, mwanamke mwenye sauti kubwa na mkono wazi. "Karibu wifi, karibu! Kaka yako yuko huko stoo toka asubuhi, anafagia, sijui kimempata nini." Hata hilo halikunishtua. Mwenye kuuza hufagia.

Nikamkuta kalitoa gunia, kalifuta vumbi, kasimama kando yake mikono nyuma.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Haya, bingwa wa Nizwa," akasema. "Wewe si ndiwe mjuzi wa mambo haya? Hili la mama nambie. Ni kitu, au si kitu?"

Kwanza nilitazama mifuko ya saruji. Nikauliza bei ya saruji. Nikashika mlango wa stoo, nikasifu bawaba zake. Mwisho kabisa nikaliinamia sanduku, na macho nikayatia adabu. Kifuniko nilikifungua kidogo, harufu ikaja, nikakifunga haraka kama ninayeogopa mende.

"Shaba imesuguliwa mpaka imekwisha," nikasema. "Wanunuzi wanataka ile iliyoiva rangi yake. Ndimu na majivu yale yote, tulikuwa tunaliua."

"Ehe."

"Miguu si yake. Imebadilishwa. Droo hii ya kati haikai sawa. Na mchwa umo."

Akainama. "Mchwa uko wapi? Mie siuoni."

"Umo ndani kwa ndani. Hauonekani kwa kila mtu."

Uwongo mtupu. Mchwa msaji haupendi, na miguu ile ilikuwa yake toka siku ya kwanza.

"Kwa hivyo?" akauliza.

"Kwa hivyo kuni, kaka. Usijisumbue nalo. Kuni tu."

Akalitazama muda mrefu. Nikaona shavu linamcheza, nikafurahi moyoni, nikasema bei hiyo inashuka.

"Kuni," akasema.

"Naam."

"Basi mama alituletea kuni."

Nililipa sanduku mgongo, nikatoka, nikamwambia wifi naomba kahawa. Nikanywa vikombe vitatu, nikazungumza habari za mvua na bei ya majani ya mbuzi, nikarudi Ibra nikiimba garini. Ndiyo, nikiimba.

Nikakaa kungoja. Mwezi wa kwanza hakupiga simu, nikasema kinapoa. Mwezi wa pili, wa tatu, nikasema sasa kinamzibia njia. Nikalipangia mahali chumbani kwangu, lile sanduku, nikaisogeza kabati. Nikanunua ndimu kiasi nikazikausha, sijui hata kwa nini, maana hazikaushwi za kusugulia. Mara moja kaka alipiga simu kwa habari ya karatasi za kiwanja cha mama, na neno lilinifika kwenye ulimi: kaka, lile sanduku. Nikalimeza. Fundi haulizi.

Ikaja Idi Kubwa. Huku kwetu Idi ni shuwa. Nyama hutiwa viungo, hufungwa majani ya mgomba, hutiwa kwenye vikapu vya makuti, kisha huteremshwa ndani ya shimo lililowashwa kuni mpaka zikawa makaa, shimo likafunikwa na udongo usipite hata moshi. Hukaa humo siku mbili. Kaka yangu shimo lake lilikuwa la nyumba nne, kila nyumba na alama kwenye kikapu chake, na siku ya kufunua watu hujaa ua mzima.

Nilifika siku ya tatu, imeshafunuliwa. Nyama ile, jamani. Inaachana na mfupa kwa kuitazama tu. Na inanukia. Si viungo peke yake, kulikuwa na kitu kingine, kitamu, kama mtu kafukiza chumba. Wanawake wote walikuwa wanasema. "Mwaka huu mmetia nini?" Wifi akicheka tu anaongeza wali. Nami nikala. Nilikula nikaongeza, nikalamba vidole, nikamsifu wifi mbele za watu, jambo ambalo si tabia yangu. Nilikuwa na furaha kwa sababu nilishaamua: miezi minne inatosha, leo nitajitia nna shida ya pa kuwekea mablanketi, nimwambie kaka lile gogo lako nikuondolee.

Nikanawa. Nikaenda stoo kwanza, nilione.

Mifuko ya saruji ilikuwepo. Gunia la chakula cha mbuzi liko chini. Baina yake palikuwa na vumbi, na ndani ya vumbi alama nne safi, za miguu minne.

Nikarudi jikoni. "Wifi, sanduku la mama mmelihamishia wapi?"

"Sanduku lipi? Lile la kuni?" Anakwangua sufuria, hata hakugeuka. "Wifi, kuni za samri mwaka huu hazikutosha, lori halikuja. Kaka yako akalipasua mwenyewe kwa shoka. Nilimwambia ngoja nimwite mtu akusaidie, hakutaka. Si wewe ulisema kuni tu?"

Sikumbuki nilivyofika shimoni. Nakumbuka nimepiga magoti kwenye jivu la moto na nguo zangu za Idi, nachakura. Kuchakura ndiyo kazi yangu, au siyo? Misumari ilikuwemo. Myeusi, mingine imepinda, mingine imeyeyuka ncha. Nilikuwa naiokota naitia kwenye mtandio na vidole vinaungua, na kila nikivuta pumzi naisikia ile harufu niliyokuwa naisifu mezani. Udi. Liwa. Kijisanduku cha kushoto hata vilivyomo hawakuvitoa.

Kaka akaja akasimama ukingoni.

"Umelitia moto!" nikamwambia. "Sanduku la mama umelitia moto, huna haya? Huna hata haya?"

"Kuni hutiwa moto," akasema. "Wewe ndiye mjuzi. Mie mbeba saruji najua nini?"

"Nilikuwa nalitaka!" Nilipiga ukelele, watu wakageuka ua mzima. "Nilikuwa nalitaka mie! Toka mama yuhai nalitaka!"

"Ukaliuze Nizwa."

"Niliweke chumbani kwangu! Nimelipangia mahali! Nenda katazame, kabati nimeisogeza!"

Nilimtazama nikitafuta furaha usoni mwake, ile ya halua, ile ya dirishani. Wallahi ningelipendelea kuiona. Haikuwepo. Alichuchumaa ukingoni mwa shimo, mtu mzima mwenye mvi na kanzu nyeupe ya Idi, akaokota msumari mmoja uliorukia nje, akausugua kwa kidole gumba.

"Siku ile nilikuita uje ulichukue," akasema. "Nilishalifuta vumbi. Gari la kubebea lilikuwa nje, hukuliona?"

Nililiona. Nilidhani la dukani.

"Nilitaka kwanza unambie ni zuri," akasema. "Basi. Miaka ile yote nimelilaani, na nimemlaani na mama moyoni mwangu kwa ajili yake. Nikasema sasa yupo mmoja katika sisi anayejua vitu hivi. Atanambia mama hakukosea."

Akautupa msumari kwenye mtandio wangu, akainuka, akajikung'uta magoti.

"Ukanambia kuni."

Akarudi kwa wageni wake. Sikumsamehe shoka lile, na sidhani kama na yeye alinisamehe neno langu. Idi zilizofuata tulipelekeana salamu kwa watu. Tajiri wa Nizwa nilimrudishia mizani yake Jumatano iliyokuja, bila ya maelezo. Lakini siku ile yenyewe sikuwa na la kufanya. Nilirudi Ibra na misumari kumi na saba kwenye mtandio, na tumbo langu limeshiba.